Mafua, Mapafu na Bwana Afya wa Tunduma

Tunduma tulikuwa na mabwana watatu wa serikali ambao hakuna aliyehangaika kuwaita kwa majina. Bwana Shamba alitufundisha kupanda mahindi kwa mistari. Bwana Mifugo alidunga ng'ombe wetu sindano. Bwana Afya alituchungulia vyooni. Wale wawili wa kwanza tukiwaona tuliwatolea kiti, lakini huyu wa tatu tukimwona tulikimbilia ufagio. Ndiye ninayetaka kumsema leo, kwa sababu nilikaa naye jirani, nikamsengenya weee mpaka nikachoka, na kuna jambo nilimkosea ambalo sikulijua hadi mvi zimeniota.

Asili yake sitaieleza, sikuwahi kuiuliza. Nilichokijua ni kwamba mkewe alibaki Nanyala akitunza kahawa yao, na yeye akala ugali wake peke yake katika nyumba ya serikali iliyotazamana na uani kwangu. Alikuwa mrefu, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, na baiskeli aliyoikokota zaidi ya kuipanda. Ukimuuliza kwa nini, alisema mtu aliyekaa juu ya baiskeli haoni uchafu. Na pua alikuwa nayo, huyo bwana. Angesimama katikati ya njia, ageuze kichwa taratibu, aseme, "Hapa kuna maji yamelala siku tatu." Ungezunguka nyuma ya nyumba ukakuta kweli sufuria la juzi, na mwenye nyumba kainamisha uso.

Semi zake zilikuwa nyingi, na nyingine nadhani alizitunga akiwa njiani. "Nzi hana pasi," alituambia sisi watu wa mpakani, akimaanisha kwamba kinyesi cha Nakonde, ng'ambo kule Zambia, kinaweza kufika kwenye chakula cha Tunduma bila kupigwa muhuri. Akimaliza kukagua choo alisema, "Kirefu hiki, na wewe utaishi marefu." Mzee mmoja jirani alimjibu kwamba baba yake aliishi miaka mingi akienda porini. Bwana Afya akamwambia, "Angeishi mpaka leo."

Mimi ugomvi wangu na yeye ulikuwa wa mrija. Nilikuwa napika kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Kimpumu hakinywewi kwa glasi. Chungu kinakaa katikati, kinatiwa maji ya moto, watu wanakizunguka, na mrija mmoja unapita mkononi kwa huyu na yule, kila mtu anavuta na kumpa mwenzake. Bwana Afya alipokuja mara ya kwanza na kusema kila mtu awe na mrija wake, wazee walinuna. Kwetu, ukikataa mrija uliotoka mdomoni kwa mwenzako umemwambia mbele za watu kwamba ni mchawi. Nikamwambia, "Bwana Afya, unataka kunivunjia kilabu." Hakubishana. Jumamosi iliyofuata alikuja akiwa na mrija wake mfukoni mwa shati, umechomekwa kati ya kalamu mbili, akaketi pale penye mzee mkali kuliko wote, akamwambia, "Mzee, mimi sikuogopi wewe. Naogopa mate yako." Watu walicheka hadi chungu kikapoa. Tangu siku hiyo baadhi walianza kuja na mirija yao, na waliokataa hakuwagusa.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu huyohuyo aliyeogopa mate ya wenzake alikuwa na kikopo cha ugoro, na kila aliyekitamani alizamisha vidole mlemle. Nikamuuliza, "Na hicho nacho?" Akasema ugoro unaua vijidudu. Alijua anasema uongo, na mimi nilijua, na hatukuliongelea tena. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapauka, halafu akala maembe mabichi bila kuyaosha. Alikuwa mkali kwa watoto wachafu, na watoto haohao ndio waliokuwa wakimngoja njiani jioni. Mimi mwenyewe sikumwelewa, na sidhani alitaka kueleweka.

Kitu kimoja tu alikiheshimu bila dosari, nacho ni karatasi ya serikali. Waraka ukifika aliusoma amesimama wima, hata akiwa peke yake ofisini. Nilimwona dirishani. Na aliusoma kwa watu kama ulivyoandikwa, neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza, kwa sababu alisema aliyeandika amefikiri kuliko sisi. Sifa hii ndiyo iliyotuponza, na kwa njia nyingine ndiyo iliyotuokoa.

Miaka ile barabara ilikuwa bado ya vumbi na tope, na malori yalipita mchana kutwa yakipeleka mapipa ya mafuta Zambia. Madereva walitoka pwani, walitoka kila mahali, wakalala Tunduma, wakanywa kwangu. Ndipo redio ikaanza kusema habari za homa ya mafua inayozunguka dunia. Kwetu hakuna aliyekuwa amepiga chafya, lakini serikali ikatuma waraka. Ngoma zisimame, mnada usimame, vilabu vifungwe. Kila msafiri mwenye homa azuiwe siku saba. Nyumba yenye mgonjwa isitembelewe. Pipa la maji na sabuni likawekwa kwenye kizuizi cha barabara pale mpakani, na dawa za kutuliza homa zikaletwa kwenye sanduku la mbao.

Mimi nilicheka. Wateja wangu walicheka zaidi. "Serikali imepiga marufuku mafua," mmoja alisema, "kesho itapiga marufuku njaa." Tulizoea serikali ije msiba ukiwa umekwisha, inywe chai, itoe pole, iondoke. Kuja kabla ya ugonjwa tulikuona kama wazimu. Leo nasema wazi, ilikuwa busara. Madereva kadhaa walikutwa na homa palepale kizuizini wakawekwa kwenye ghala, wakanywa uji wa serikali siku saba na kulalamika. Waliotoka humo hawakuniambukiza mimi wala wateja wangu. Ila siku ya kwanza tu, kabla ya yote hayo kuanza kufanya kazi, neno moja liliharibu.

Bwana Afya alipanda juu ya kreti pale sokoni na bomba lake la bati, lile alilokunja mwenyewe ili sauti ifike mbali. Akasoma kama ulivyoandikwa: "Kuanzia leo Tunduma iko chini ya karantini kwa sababu ya homa ya mafua."

Sasa, sisi Kiswahili ni cha sokoni na shuleni. Nyumbani ni Kinamwanga. Neno karantini tulilijua kutoka kwa mtu mmoja tu, naye ni Bwana Mifugo. Miaka michache nyuma ng'ombe walikuwa wameugua homa ya mapafu, Bwana Mifugo akatangaza karantini, na tafsiri yake tuliiona kwa macho: ng'ombe hatoki zizini, maziwa hayauzwi, na anayekohoa anapigwa risasi. Sasa mtu anasimama juu ya kreti, anapiga kelele ndani ya bati, karantini, homa ya ma-sijui-nini. Mafua, mapafu, kwenye bati ni sauti ileile. Watu waliokuwa mbele walisikia mafua. Walio nyuma, ambao ndio wengi, walisikia mapafu, wakaondoka kimyakimya kama watu wanaowahi kuanua nguo.

Kabla jua halijapanda vizuri kesho yake, ng'ombe wa Tunduma walikuwa wakivuka kwenda Zambia kwa njia za panya. Kaka yangu alikuwa mmoja wa waliovusha. Ng'ombe wa marehemu baba walikuwa wanane, naye aliwapenda kuliko mke. Akawaswaga mpaka Nakonde, kwa mama yetu, maana mpaka ule ulichorwa katikati ya ukoo wetu na mama alikuwa upande wa pili. Ng'ombe wale walikuwa wazima kabisa. Aliyekuwa akikohoa ni yeye. Siku mbili alikuwa akisukuma malori yaliyokwama pamoja na madereva, akanywa nao, akarudi na homa akidhani ni uchovu.

Na kwa mama pale alikuwepo Elina wangu. Nilikuwa nimejifungua mdogo wake, na kwa desturi yetu mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake ili alisahau. Alikuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia.

Asubuhi hiyo Bwana Afya alipita mtaani akakuta mazizi yamefunguliwa. Akamuuliza yule mzee mkali, "Ng'ombe wamekwenda wapi?"

"Wamekimbia karantini yako."

"Karantini ni ya watu, mzee."

"Watu wanaumwa mapafu ya ng'ombe?"

Bwana Afya aliketi kwenye kizingiti cha mzee. Nakumbuka kwa sababu sikuwahi kumwona ameketi saa za kazi. Bomba la bati lilikuwa magotini. Kisha akaliacha palepale, akaenda nyumba kwa nyumba kwa mdomo wake mwenyewe, akisema, "Kaeni kwenu. Mwenye homa asitembelewe. Ng'ombe hawahusiki." Maneno mepesi hivyo, mtoto wa darasa la kwanza angeyaelewa. Angeyasema jana, hakuna ambaye angefungua zizi.

Siku ya nne askari wa Zambia aliyesimama upande wake wa kizuizi, aliyekuwa akimwita "ba Afya" kwa heshima ya kwao, aliita kwa sauti kwamba nyumba ya mama yangu imelala yote. Kaka, mama na mtoto. Mtoto ndiye mbaya zaidi. Nilifunga khanga, nikambeba mdogo wake mgongoni, nikafika kizuizini nikiwa sioni mbele. Bwana Afya alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Nipishe," nikamwambia.

"Mama Elina, mgongoni una nani?"

"Unamjua. Nipishe."

"Ukienda naye, unampeleka kwenye homa. Ukimwacha, atanyonya nini? Ukienda ukarudi, umemletea."

"Kwa hiyo Elina afe?"

Nilimtukana. Maneno niliyomwambia siku ile siwezi kuyarudia, nilimgusa hadi mama yake. Hakusogea. Nilipomaliza pumzi, alisema polepole, "Homa ile ilivushwa na neno langu. Nitakwenda mimi."

Akamgeukia karani wake. Akamwambia amevuka kuanzia saa hiyo, na asirudi kabla ya siku saba, na akijaribu kurudi mapema wamzuie kama walivyoagizwa kumzuia mtu yeyote. Akachukua dawa kidogo na kipande cha sabuni. Kisha akanionyesha kichuguu upande wa Nakonde kinachoonekana toka kizuizini. "Kila siku saa mbili asubuhi simama hapa. Nikiinua mkono, mtoto yupo."

"Na usipoinua?"

"Nitainua," akasema, akaenda.

Siku ya kwanza aliinua mkono. Ya pili akainua. Ya tatu, ya nne. Mimi saa moja tayari nilikuwa nimesimama pale na kichanga mgongoni, na karani akaniletea kigoda. Siku ya tano saa mbili ikafika, kichuguu kitupu. Saa tatu, kitupu. Saa nne kaka wa mume wangu alikuja kunichukua, nikamkatalia. Nilikuwa nimeshaanza kumpangia Elina wangu mahali pa kuzikwa, Mungu anisamehe, nikijiuliza azikwe kwa mama au arudishwe huku. Adhuhuri hivi nikaona mtu anapanda kile kichuguu kwa shida, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mzigo. Akasimama juu, akauinua mzigo ule juu ya kichwa chake. Ulikuwa na miguu, na miguu ilikuwa inapiga.

Nikaanguka chini nikalia mpaka karani naye akalia. Sijawahi tena kusikia raha ya namna hiyo, hata siku ya harusi ya mtoto yuleyule.

Aliporudi nilimuuliza kwa nini alinichelewesha, karibu aniue. Akasema usiku mtoto alishindwa kupumua vizuri, na asubuhi homa ilikuwa inashuka lakini hakuwa na hakika. "Sikutaka kuinua mkono kwa jambo nisilolijua." Mama yangu alinieleza mengine: jinsi alivyofungua madirisha yote, jinsi alivyomnywesha mtoto uji mwepesi kijiko kwa kijiko, jinsi alivyochemsha kila kitambaa cha nyumba ile. Hakuwa daktari wala hakujifanya. Na mama akiwa hoi kitandani, hawezi hata kugeuka, Bwana Afya alimsema juu ya choo chake kutokuwa na mfuniko. Mama alisema kile ndicho kilichomfanya aamke, hasira.

Siku ya nane alirudi. Mama alikuwa amepona, kaka amepona, Elina alikuwa bado anakohoa lakini anakula. Ng'ombe wote wanane walirudi wamenenepa kwa nyasi za Zambia. Mimi nikavuka kumchukua mwanangu, na nikiwa kule, barua ikamfikia Bwana Afya. Wakubwa walikuwa wamesikia kwamba ameacha kituo na kuvuka mpaka bila ruhusa. Akahamishiwa Ivuna, kwenye chumvi na joto la bondeni. Niliporudi nilikuta nyumba yake imefungwa. Nilisema nitamtumia salamu. Nilisema leo, nikasema kesho, mvua zikaja zikaisha, nikazaa mwingine. Sikutuma hata neno. Nilikuwa mzima, mtoto mzima, nikajisahau, na hilo ndilo kosa ninalolisema.

Miaka mingi ikapita. Tulihamia kijijini tukarudi mjini, tukapanga foleni za sukari, Elina akawa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa ndani ya basi tukienda harusini Vwawa nilipomsikia abiria akisema Bwana Afya wa zamani wa mpakani amestaafu, yupo Nanyala. Elina alikuwa amekua akisikia habari zake. Akasema, "Mama, harusi ina siku nne bado. Tuanzie kwake."

Tulimkuta kibarazani anachambua kahawa kwenye ungo. Alikuwa amezeeka vibaya, shingo imekonda, ila kaptula bado imenyooka. Aliponitambua alinyanyuka, akavua kofia, akasimama hivyo kama watu wanavyosimama matangani.

"Mama Elina," akasema. "Pole. Sikuja kuzika. Habari ilinifikia wameshamaliza."

Sikumwelewa. Nikamwambia, "Kuzika nani, Bwana Afya? Mama yangu amefariki juzijuzi tu, wewe umesikiaje?"

"Mtoto. Watu wa Nakonde walikuja Ivuna kuchukua chumvi mwaka uleule. Nikawauliza. Wakasema yule mtoto wa homa pale jirani na kizuizi alifariki."

Nikakumbuka. Kulikuwa na mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwa mama, aliyefariki kwa homa mwezi ule. Huyu mzee miaka yote alikuwa amebeba kaburi ambalo halikuwa lake, na mimi ningeweza kulitua begani mwake kwa salamu moja iliyopelekwa na mnunuzi wa chumvi.

Nikasema, "Yule alikuwa mtoto wa watu wengine, Mungu amrehemu. Elina ndiye huyu anayekupigia magoti."

Elina alikuwa amepiga magoti kumwamkia, "Shikamoo, babu," akasubiri. Mzee hakuitikia marahaba. Alimtazama usoni, akanitazama mimi, akamtazama tena. Akamshika kiganja, akakigeuza juu chini. Kisha akaita ndani kwa sauti ambayo ilikatika katikati, "Mama, hebu njoo. Mtoto wa Nakonde yuko hapa."

Mkewe alitoka anafuta mikono. Alimwangalia Elina juu hadi chini, mwanamke mzima wa watu mwenye gauni la maua. "Huyu?" akasema. "Kila mwaka tunapeleka nia ya misa ya kumwombea huyu marehemu. Ya mwaka huu padre ameshaiandika, ni Jumapili." Akafikiri kidogo. "Sasa padre tutamwambia nini?"

Tukacheka wote watatu, sisi wanawake, mpaka tukashikana. Yeye hakucheka. Alikuwa amekwenda ukutani, ametupa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikamwendea nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinamwanga kwa sababu Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Akasema, "Basi, mama. Basi. Amekula?"

Hatukwenda harusini. Jumamosi alikokota baiskeli mwenyewe mpaka kwa padre, na Jumapili tukaketi benchi la tatu, Elina katikati yake na mkewe. Padre alifungua karatasi ya nia za misa. Akaanza, "Kumwombea mtoto Elina, mar..." akasita, akainamia karatasi pale penye mstari uliokatwa kwa kalamu. Akasoma upya, "Kumshukuru Mungu kwa ajili ya Elina, aliye hai." Watu wakageuka kutafuta ni nani. Bwana Afya akamgusa kiwiko.

"Simama," akamwambia, "wakuone."

Elina akasimama.